Simu, kamera yenye kioo, isiyo na kioo au ya mkanda: tulizijaribu zote nne Feri

Mpwa wangu amedunduliza milioni moja na laki sita kwa kuuza ubuyu na visheti, na zote anataka ziishie kwenye kamera. Kwa wiki mbili alikuwa akinitumia video za watu wanaopima kamera: hii ina megapikseli nyingi, ile inalenga haraka, nyingine inaona gizani. Kila video ilimletea jina jipya, na uamuzi ukazidi kusogea mbali. Mwishowe nikamwambia, Jumamosi njoo Feri, pale soko la samaki la Dar, saa 12 na nusu asubuhi, vaa viatu visivyoogopa maji ya samaki.

Nilikuja na begi lenye kamera tatu, ya nne ilikuwa simu yake. Tulitaka mtu mmoja, mwanga uleule, kamera nne. Tukampata mzee muuza vibua ambaye meza yake iko upande wa bahari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnanunua au mnatazama?"

Tukanunua vibua vya elfu tano, kisha tukaeleza shida yetu. Alikubali kwa sharti moja: picha aletewe mkononi, za karatasi, kwa sababu watu wanampiga picha kila siku na hajawahi kuona hata moja. (Na wewe ukienda pale kujaribu, elekeza lenzi sokoni na baharini. Ikulu ya Magogoni iko jirani, na mtu anayezungusha kamera ovyo ataulizwa maswali.)

Kabla sijaeleza zilivyotofautiana, niseme ninachokiamini baada ya miaka mingi ya kupiga picha za harusi na za mtaani hapa Dar. Kamera yoyote ya miaka kumi hii inatoa picha safi ya kutosha. Zinapotofautiana ni hapa: utalazimika kusimama wapi, utaweza kubonyeza mara ngapi, na aliye mbele yako atakuonaje. Hayo matatu ndiyo yanayoonekana kwenye picha. Megapikseli hazionekani.

Simu

Alianza na simu yake, ya kawaida tu, ya madukani Mtaa wa Aggrey. Akasimama kama hatua tatu, na uso wa mzee ukawa kidoa katikati ya soko zima. Lenzi kuu ya simu nyingi inaona eneo pana, karibu sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 26 kwenye kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga). Akasogea mpaka uso ukajaa, pua ikavimba na masikio yakakimbilia nyuma. Akarudi hatua moja na nusu, ndipo picha ikakaa: mzee kiunoni, meza ya vibua mbele yake, mtoto wake nyuma amebeba ndoo, ngalawa upande wa kulia. Simu inapendelea picha ya namna hiyo, ya mtu na mahali pake.

Tena mzee hakubadilika hata kidogo. Aliendelea kufukuza nzi kwa kipande cha boksi, akajibu mteja, akacheka. Simu imeshazoeleka mno machoni pa watu hata haimfanyi mtu ajiweke sawa. Hilo ni jambo kubwa, na wapo waliojenga kazi ya maana juu yake. Girma Berta wa Addis Ababa aliwapiga picha wapita njia wa mji wake kwa simu, akawatoa kwenye fujo za barabara na kuwasimamisha na vivuli vyao juu ya rangi moja kali. Mwaka 2016 kazi hiyo ilimpatia ruzuku ya Getty Images na Instagram. Michael Christopher Brown alipiga picha za vita vya Libya mwaka 2011 kwa simu baada ya kamera yake kuharibika, na baadaye aliingia Magnum, shirika maarufu la wapiga picha. Sasa mtu asikwambie kwamba simu ni ya kujifunzia tu.

Ila ina kasoro ambayo sisi tunaipata zaidi kuliko wengine. Simu inapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha, huku ikiamua yenyewe nini king'ae. Mara nyingi inaamua kwamba ngozi nyeusi ni giza linalohitaji kuondolewa. Mzee wetu alitoka rangi ya maji ya kunde, na ndevu zake zikawa ngumu kama waya. Google waliligusa tatizo hili mwaka 2021 walipotoa Pixel 6 yenye mfumo walioupa jina la Real Tone, lakini simu nyingi za bei ya chini bado zinapausha watu. Ukiwa na simu, zima kwanza kile kinachoitwa urembo, kisha gusa uso kwenye skrini na ushushe mwanga kidogo kwa kidole. Picha ya mzee iliyofuata ilikuwa na rangi yake mwenyewe.

Jambo la mwisho kuhusu simu: Kariakoo au kituoni usipige ukiwa umeinyoosha mkono barabarani. Pikipiki inapita, na simu haipo.

Kamera yenye kioo

Hizi ndizo zile kubwa zinazoitwa DSLR. Ndani kuna kioo kinachopanda kila unapobonyeza, na mlio wake, kacha, unasikika mpaka meza ya tatu. Niliyobeba ni Nikon D750, toleo la 2014, megapikseli 24, pamoja na lenzi ndogo ya milimita 50.

Mzee alipoiona akafunga kifungo cha shati. Akasimama wima, akaweka mikono mezani, akatazama moja kwa moja. Jirani yake akauliza, "Mnatoka gazeti gani?" Ndivyo kamera kubwa inavyopokelewa Dar: inatangaza kwamba kuna kazi. Kwa harusi, kitchen party au picha za kampuni, tangazo hilo linakusaidia, watu wanakupisha njia na wazee wanajipanga. Kwa picha za mtaani linakuharibia, kwa sababu kile ulichokiona kabla ya kutoa kamera kimeshaondoka ukiinua mkono.

Kwa lenzi ya 50 nilisimama kama mita mbili na nusu. Uso ulikaa kama ulivyo, na nyuma yake soko likayeyuka kuwa rangi tu. Umbali huo una adabu yake, kwani humbani mtu na bado mnaongea bila kupaza sauti. Ndiyo maana nampendekezea kila anayeanza lenzi hii kabla ya zile ndefu za kuvuta, ambazo zinamfanya mpiga picha awe mwindaji aliyejificha.

Nguvu yake nyingine ni mtumba. Mdomo wa lenzi za Nikon wa aina hii, yaani pale lenzi inapojifunga kwenye kamera, ulianza 1959, wa Canon EF ukaanza 1987, kwa hiyo lenzi za zamani ni tele na bei inazungumzika. Betri nayo inavumilia: D750 imepimwa picha 1,230 kwa chaji moja. Ukiingia ukumbini saa 12 jioni na MC akamaliza saa 7 usiku, unaelewa thamani ya namba hiyo.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu niliumia. Miaka kadhaa nyuma nilinunua lenzi ya mtumba kwenye duka moja mjini, nje inang'aa kama mpya. Wiki ya tatu picha zikaanza kuwa na utandu, kama mtu amepumulia kioo. Nilipomulika ndani nikaona nyuzi nyeupe zimetambaa kama mizizi. Lilikuwa kuvu, na muuzaji akasema nimelipata kwangu. Joto na unyevu wa Dar ni nyumba nzuri kwa kuvu, na likishakula mipako ya kioo halirudi nyuma. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hela:

Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, washa tochi ya simu, mulika upande mmoja na utazame kutokea upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo si tatizo. Nyuzi, madoa ya mawingu au pete za rangi ni sababu ya kuondoka. Kisha uliza kamera imeshabonyezwa mara ngapi. D750 ilitengenezwa kuhimili mibofyo 150,000, na namba halisi inasomeka kwenye faili la picha iliyotoka kwenye kamera hiyo. Harusi za msimu mmoja zinaweza kula 30,000, basi kamera iliyotoka kwa mpiga harusi ina historia. Ukifika nyumbani, itunze kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usiitoe chumba chenye kiyoyozi na kuipeleka nje papo hapo, lenzi itavaa jasho. Iache ndani ya begi kwa robo saa ipate joto taratibu.

Kamera isiyo na kioo

Hii sitaizungumza sana, kwa sababu uzuri wake unaeleweka upesi. Kioo kimeondolewa, na unachokiona kwenye kitundu cha kutazamia ni picha yenyewe kabla hujaipiga. Kwa anayejifunza, hilo ni zawadi: ukizungusha kitufe cha mwanga unaona uso unang'aa au unazama palepale. Niliazima Sony A7 III ya rafiki, ya mwaka 2018, mwaka ambao Canon na Nikon nao waliingia rasmi kwenye kamera za sensa kubwa zisizo na kioo. Ilishika jicho la mzee na haikuliachia hata alipogeuka kuchukua mizani.

Ubora wake mkubwa kwangu ni ukimya. Ndoa inapofungwa msikitini, pale walii anapomshika bwana harusi mkono na watu wote wametulia, mlio wa kioo ni utovu wa adabu. Na hii unapiga bila sauti. Angalizo moja: baadhi ya taa za kumbi zetu, hasa zile za LED za rangi, zinaacha michirizi kwenye picha za kimya. Ukifika ukumbini jaribu picha mbili kabla ya bibi harusi kuingia, na ukiona michirizi rudi kwenye shata ya kawaida, ile yenye mlio.

Tatizo ni mfuko. Kwa milioni moja na laki sita unaweza kupata ya zamani, lakini lenzi zake ndizo zinazokufilisi. Na ukibadilisha lenzi pale Feri, sensa iko wazi mbele ya upepo wenye chumvi. Kamera nzuri yenye lenzi mbaya ya bure inapitwa na kamera ya wastani yenye lenzi nzuri, kila siku ya Mungu.

Mkanda

Kamera ya mwisho ilikuwa Pentax K1000 ya marehemu baba, inayotumia mkanda wa filamu. Muundo huu ulianza 1976, chuma kitupu. Betri yake ndogo inaendesha kipima mwanga tu, ikifa kamera inaendelea kupiga. Mzee alipoiona uso ulifunguka.

"Hii naijua. Lakini picha utaisafishia wapi siku hizi?"

Swali lenyewe hasa. Zamani kila mtaa mkubwa ulikuwa na studio, unapeleka mkanda, unarudi kesho na risiti. Sasa mikanda yenyewe unaagiza kwa anayesafiri. Ya rangi ninaituma nje ikasafishwe. Nyeusi na nyeupe ninaisafisha mwenyewe bafuni, na hapo Dar inanipa kazi: dawa inatakiwa iwe nyuzijoto 20, ilhali maji ya bombani kwangu ni karibu 29. Ninanunua barafu ya mifuko kwa mama wa jirani, ninaweka chupa za dawa ndani ya beseni, na ninakaa na kipimajoto kama ninayemuuguza mtoto. Zikishuka 20 ninaanza kuhesabu dakika.

Mbona basi ninahangaika? Kwa sababu ya namba 36. Hizo ndizo nafasi ulizo nazo kwenye mkanda mmoja. Kwa mzee nilitumia moja tu. Tulizungumza kwanza kama dakika kumi, kuhusu bahari kuwa chafu na bei ya mafuta ya boti, na aliponyamaza akitazama maji nikabonyeza. Kwa simu mpwa wangu alipiga 61. Alipozipitia alikiri kwamba nyingi ni picha ileile.

Huo uchache ndio uliomjenga Seydou Keïta. Alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, akatumia kamera kubwa ya negativu za sentimita 13 kwa 18, mwanga wa jua wa uani, na shuka lake la kitanda likawa pazia la nyuma. Kwa sababu ya gharama, mteja kwa kawaida alipata pigo moja. Tazama wanawake wa Keïta: mkono umewekwa mahali, kitambaa kimepangwa, jicho limetulia. Kila kitu kimeamuliwa kabla ya kubonyeza. Malick Sidibé, wa mji uleule, alifanya kinyume: alibeba kamera nyepesi na flashi akaingia kwenye madansa ya vijana miaka ya 1960, akawapiga picha viatu vikiwa hewani. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya maonyesho ya sanaa ya Venice kwa kazi ya maisha yake, mpiga picha wa kwanza kuipata. Wote wawili walitumia filamu, mji mmoja, kizazi kinachokaribiana, ila mmoja alisimamisha watu na mwingine aliwafuata.

Nasi tuna urithi wetu. Mohamed Amin, yule ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha dunia, alianzisha kampuni yake ya Camerapix hapahapa Dar es Salaam mwaka 1963 kabla ya kuihamishia Nairobi. Mbrazili Sebastião Salgado naye alipiga picha katika kambi ya wakimbizi wa Rwanda ya Benako, Ngara, mwaka 1994, kwa mkanda. Mwaka 2008 akahamia dijitali baada ya kuchoshwa na mashine za ukaguzi za viwanja vya ndege zilizoharibu filamu zake. Ukiweka picha zake za kabla na za baada huoni mtu tofauti. Alisimama palepale alipokuwa akisimama.

Mwanga wetu, ngozi zetu

Kamera zote nne zilifeli pamoja ilipofika saa 5. Hapa tuko nyuzi saba tu kusini mwa ikweta, jua linapanda juu ya utosi na macho ya mtu yanakuwa mashimo. Hakuna hela inayonunua suluhisho la hilo. Piga kabla ya saa 3, au baada ya saa 10, au mwingize mtu barazani pembeni ya ukuta mweupe. Na jioni uwe tayari mapema, kwani magharibi ya kwetu ni fupi: jua likizama, rangi nzuri haikai hata nusu saa.

Kuhusu ngozi, kipima mwanga cha kamera yoyote kinataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Bibi harusi wa shela jeupe kinamfifisha, bwana harusi mweusi wa suti nyeusi kinamng'arisha mpaka apauke. Pimia uso, basi, si nguo. Zanele Muholi wa Afrika Kusini amelifikisha mbali: katika picha anazojipiga mwenyewe huongeza ukali wa mwanga na kivuli mpaka ngozi yake inakuwa nyeusi kuliko ilivyo, kwa makusudi. Nimemwonyesha mpwa wangu picha hizo mara nyingi kuliko video yoyote ya kamera. Na za Sarah Waiswa pia, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Kenya, aliyempiga picha mwanamke mwenye ualbino katikati ya Kibera na mwaka 2016 akashinda tuzo ya ugunduzi ya tamasha la picha la Arles, Ufaransa. Ukizitazama huulizi alitumia kamera gani. Unauliza aliongea naye muda gani.

Kwa hiyo wewe uchukue ipi?

Kama unapenda mtaa, watu wakiwa katika shughuli zao, daladala, mwendokasi, kivuko cha Kigamboni, baki na simu uliyonayo kwa mwaka mzima, na hela yako itumie kuchapisha picha na kupita kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space pale Mikocheni kuona wengine wanafanya nini. Kama unataka ugali wako utoke kwenye harusi, nunua yenye kioo ya mtumba, lenzi ya 50, betri mbili na flashi, na uhamie isiyo na kioo baada ya harusi kama ishirini zikikulipa. Kama tayari una kazi na shughuli zako nyingi ni za msikitini, kanisani au mikutanoni, nenda isiyo na kioo moja kwa moja. Mkanda usiununue kwanza, azima. Piga mikanda miwili, na ukijikuta unaota ile namba 36, utajua la kufanya.

Mpwa wangu alichukua yenye kioo. Alimulika lenzi tatu kwa tochi mbele ya muuzaji, mbili akazirudisha.

Wiki tatu baadaye tulirudi Feri na bahasha, picha nne, moja kwa kila kamera. Mzee alijifuta mikono kwenye shuka, akazipanga juu ya boksi. Ya Nikon akasema imemfanya kama diwani. Ya mkanda aliishika muda mrefu bila neno. Ya Sony aliipita. Kisha akaiokota ya simu, ile ya hatua moja na nusu, akaweka kidole kwa mtoto wake mwenye ndoo, halafu kwenye ngalawa.

"Hii. Hii niongezeeni mbili, moja iende Kilwa kwa dada yangu. Hajawahi kuona ninapofanyia kazi."

Mpwa wangu akatoa kalamu na kuandika nyuma ya bahasha: mbili, za simu, Kilwa.